Maji ya rangi ya batiki na Ziwa Tanganyika: je, niikubali lebo ya "rafiki wa mazingira"?

Mama Batiki (Ujiji, Kigoma)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaongoza kikundi cha wanawake kumi na mmoja tunaotengeneza batiki hapa Ujiji, na kwa miaka sita tumekuwa tukiwauzia washonaji wa Mwanga, watumishi wanaotaka sare za sherehe, na wageni wachache wanaopita hapa wakienda Gombe. Mwezi uliopita tulipata mnunuzi anayepeleka nguo Ujerumani. Ameagiza mita mia tatu kwa mpigo, na bei aliyoitaja hatujawahi kuisikia tangu tuanze kazi hii. Pamoja na oda ametuletea mfano wa lebo itakayoshonwa kwenye kila nguo. Lebo inasema kwamba rangi zetu ni za asili, kwamba kazi yetu ni rafiki wa mazingira, na kwamba kila nguo inayonunuliwa inamtoa mwanamke mmoja katika umaskini. Anataka pia picha zetu, lakini si za karakanani. Anataka tupigwe picha majumbani, jikoni kwenye moshi, tukiwa na watoto.

Nieleze kazi yetu ilivyo ili mnijibu mkiwa na picha kamili. Kitambaa tunakinunua kwa jora madukani. Rangi zetu ni za unga, za kopo, na tunazikoroga pamoja na kostiki soda na haidrosalfaiti katika maji ya moto, kama tulivyofundishwa na kama wanavyofanya watengenezaji wengi wa batiki nchini. Nta tunachanganya ya mishumaa na ya nyuki inayotoka Tabora. Mabinti wanne wanaotusaidia kusuuza tunawalipa kwa kila kitambaa wanachosuuza, na mmoja wao ngozi ya vidole imeanza kubabuka, jambo ambalo linaninyima usingizi kuliko oda yenyewe.

Maji yaliyotumika tunayamwaga kwenye mfereji ulio nyuma ya nyumba. Kiangazi hunyonywa na ardhi na hatuyafikirii tena. Masika yaliyopita niliamka baada ya mvua ya usiku nikaona mfereji umebeba buluu yetu hadi chini kabisa, kwenye mchanga wa ziwani ambako akina mama huoshea vyombo na watoto huogelea. Hakuna aliyenilaumu. Jirani yangu aliniuliza tu kama ile buluu imetoka kwangu, nami nikajibu kwamba imetoka kwangu.

Kwa hiyo naomba msaada wenu katika mambo yanayonisumbua. Je, kuna namna ya kuyatuliza maji haya ambayo kikundi kisicho na fedha nyingi kinaweza kuimudu? Je, tuziache rangi za kopo na kurudi kwenye mizizi na magome, ili lebo ile iwe kweli? Na yule mnunuzi nimjibu nini bila kuikimbiza oda ambayo wenzangu kumi wanaitegemea kwa ada za shule?

Mwalimu wa Kemia (Tabora)

Mama, pole na hongera, kwa sababu umeuliza kabla ya kutia saini. Nitajibu habari ya maji tu, maana ndiyo ninayoifundisha.

Rangi mnazotumia, kwa jinsi ulivyozieleza, ni za kundi ambalo katika hali yake ya kawaida haliyeyuki katika maji hata kidogo. Haidrosalfaiti ikisaidiwa na kostiki ndiyo inayozilazimisha kuyeyuka, na ndiyo maana rangi nyingi ndani ya beseni huonekana tofauti na mtakayoiona baada ya kitambaa kuanikwa. Hewa inapokigusa kitambaa, rangi hurudi katika hali yake ya kutoyeyuka na kunasa ndani ya nyuzi. Shikeni jambo hilo moja, kwa sababu dawa ya maji yenu imo humo humo: kile ambacho hewa inakifanya kwenye kitambaa, itakifanya pia kwenye maji machafu mkiyapa muda. Yaacheni maji ndani ya pipa lililo wazi, lakini lililozungushiwa uzio ili watoto wasilifikie, myakoroge kwa mti mrefu mara kadhaa kwa siku, na baada ya siku mbili au tatu sehemu kubwa ya rangi iliyobaki itakuwa imejitenga na kuzama kama tope. Haidrosalfaiti nayo itakuwa imekwisha nguvu. Hili la pili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kemikali hiyo ikifika ziwani ikiwa bado ina nguvu hunyonya oksijeni iliyomo majini, na mayai ya samaki na vifaranga vyao vilivyoko kwenye kina kifupi ndivyo vinavyoathirika kwanza. Tena inapomalizwa na hewa hula sehemu ya kostiki pamoja nayo, kwa hiyo kukoroga pekee kunapunguza ukali wa maji.

Kostiki itakayobaki inahitaji asidi kidogo. Naomba mnisikilize kwa makini hapa: msitie asidi yoyote kwenye maji mapya yanayotoka kwenye beseni la kutilia rangi. Haidrosalfaiti ikikutana na asidi hutoa gesi ya salfa inayokaba koo na kuumiza mapafu. Hewa kwanza, asidi baadaye, na kazi hiyo ifanyike nje. Siki inafaa, ila piga hesabu kabla ya kuinunua: gramu 40 za kostiki zinahitaji takriban lita 1.2 za siki ya asilimia 5 ili zitulie kabisa, na kwa kazi ya mita mia tatu mtafilisika kwa siki. Unga wa asidi ya sitriki wanaoutumia watengenezaji wa juisi hubebeka kirahisi zaidi. Gramu 64 zake zinatosha kwa gramu zile zile 40. Kipimo cha kujua kama maji yametulia kinapatikana sokoni kwenu. Chemsheni rosela iwe nyekundu ya kuiva, mchukue kijiko kimoja cha maji ya pipa, mdondoshee matone machache. Yakigeuka kijani au buluu, kostiki bado ipo. Yakielekea zambarau, mmekaribia. Yakibaki mekundu, mmezidisha asidi.

Lakini njia iliyo rahisi kuliko zote ni kutumia kostiki kidogo tangu mwanzo. Vikundi vingi hupima kwa kijiko, na kijiko cha mtu mmoja si kijiko cha mwingine. Hapo Ujiji mna majirani wanaotengeneza sabuni ya mawese, na mtengeneza sabuni makini hupima kostiki kwa mizani kwa sababu akizidisha, sabuni yake huchoma ngozi ya mteja. Nendeni mkajifunze kwao. Beseni la rangi ambalo bado lina nguvu msilimwage; tieni humo kitambaa cha rangi hafifu siku hiyo hiyo. Katika kusuuza, maji ya mwisho ya kitambaa cha leo, ambayo karibu ni safi, yawe maji ya kwanza ya kitambaa kinachofuata, na mtaona pipa linajaa polepole zaidi.

Maji yaliyotulia myapitishe kwenye shimo lenye kokoto, mchanga na mkaa, mbali na kisima na mbali na ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo huo, kwa hiyo shimo lisisogee huko. Msimwagilie mchicha maji hayo, kwa kuwa chumvi zinazobaki ndani yake hazichujwi na mkaa na zitaharibu udongo. Tope mlianike mpaka likauke, mlihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, na afisa mazingira wa halmashauri awaonyeshe mahali pa kulifukia.

Na huyo binti mwenye vidole vilivyobabuka asiguse maji hayo tena bila glavu nzito zinazofika kwenye kiwiko. Kostiki itiwe kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, na isiwekwe kwenye sufuria ya alumini, kwa kuwa huila alumini na kutoa gesi inayoshika moto.

Mfuga Nyuki (Sikonge, Tabora)

Mama Batiki, shikamoo kama umenizidi umri. Nimeona umetaja nta ya Tabora, na mimi ni miongoni mwa wanaoiuza, kwa hiyo sina haki ya kunyamaza.

Ukitaka kujua kama batiki yako inaharibu mazingira, usiishie kwenye mfereji wako. Fuata na nta inakotoka. Sehemu ya nta yetu bado inatoka kwenye mizinga ya magome. Mfugaji huchuna gome la mtundu au la muba kuzunguka shina lote, hulikunja likawa mzinga, na mti uliochunwa hivyo hufa ukiwa umesimama. Mzinga wenyewe hudumu misimu michache tu, kisha mti mwingine huchunwa. Mtundu na muba ndiyo miti inayowapa nyuki wetu maua, kwa hiyo anayeichuna anakata shina la asali yake mwenyewe. Wenzetu wa Uganda huchuna gome la mutuba kwa ajili ya nguo za magome, ufundi uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2005, lakini wao hulifunika shina kwa majani ya mgomba mpaka gome jipya liote, na mti ule ule huchunwa tena na tena. Miti yetu ya miombo hairudishi gome namna hiyo. Mwulize muuzaji wako swali moja tu: nta hii imetoka kwenye mzinga wa gome au wa mbao? Wanunuzi wakianza kuuliza, wafugaji watabadilika haraka kuliko wanavyobadilishwa na semina.

Kuhusu kurudi kwenye magome na mizizi, naomba usikimbilie. Huku kwetu kuna mkurungu, mti wenye moyo mwekundu, na jina lake la kisayansi, Pterocarpus tinctorius, lina maana ya kutia rangi. Mti huo umekatwa kwa ajili ya mbao kiasi kwamba mwaka 2019 uliwekwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, na biashara yake ya kimataifa sasa inahitaji vibali. Kikundi kikitangaza kwamba rangi yake nyekundu ni ya asili huku kinachimba mizizi ya mkurungu, hilo si jambo la kujivunia. Tena rangi za majani na magome huchemshwa kwa saa nyingi, na kuni au mkaa wa kuchemshia unatoka Uvinza na Kasulu kwenye misitu ile ile tunayosema tunaitunza.

Zipo zinazofaa: maganda ya vitunguu yanayotupwa sokoni, majani ya mwembe yanayofagiliwa kila asubuhi, majani machanga ya mtiki yanayotoa wekundu. Kwa kushikiza rangi tumieni shabu. Msitumie mrututu, hata kama mtu atawaambia kwamba unaifanya rangi ikolee, kwa sababu ni sumu kwa samaki na hutumika kuulia konokono wa kichocho. Rangi ya mzizi wa manjano nayo hupendeza siku ya kwanza na kupauka juani kabla mteja hajaizoea nguo yake.

Kijana wa Mwanga (Kigoma)

Kwa heshima zote, naona mnamtwisha mama huyu mzigo usio wake. Maduka ya hapa mjini yamejaa vitenge vya poliesta vilivyochapwa viwandani ng'ambo, na marobota ya mitumba yanashushwa kila wiki, na hakuna anayeuliza maji ya viwanda hivyo yalimwagwa wapi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye AGOA, mpango wake wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa huko bila ushuru, na Rwanda ilipokataa kurudi nyuma ilisimamishiwa nafuu ya ushuru wa mavazi mwaka 2018. Mambo makubwa kama hayo yakishindikana, ndoo kumi za wanawake wa Ujiji zitaleta tofauti gani katika ziwa lenye kina cha mita 1,470? Naogopa watapoteza oda kwa ajili ya usafi ambao hakuna anayewadai.

Mwalimu wa Kemia (Tabora)

Ndugu yangu, uchungu wako kuhusu mitumba ninaushiriki. Lakini kina cha ziwa kisikudanganye. Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutoa maji, Lukuga, upande wa Kongo, na maji yanayoingia hukaa humo kwa mamia ya miaka kabla ya kutoka. Samaki wengi wa ziwa hilo ambao hawapatikani popote pengine duniani wanaishi kwenye miamba ya kina kifupi kando ya pwani, mahali pale pale ambapo mfereji unafikia. Na kabla ya samaki wapo watoto wanaoogelea. Mfereji wa Mama Batiki hauishii kwenye mita 1,470. Unaishia magotini mwa mtoto.

Dada wa Ushirika (Kasulu)

Nimefanya kazi ya kuuza vikapu vya akina mama nje ya nchi kwa muda wa kutosha kuzijua lebo za namna hiyo, na naomba nijibu sehemu ya mwisho ya swali, ambayo naona wenzangu wameipita.

Dada, neno "rangi za asili" usilikubali, kwa kuwa si kweli, na kweli hiyo inaweza kugunduliwa maabara kwa kipande kidogo cha kitambaa. Neno "rafiki wa mazingira" nalo ni hatari hasa kwa mnunuzi wako mwenyewe. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo namba 2024/825, linaloanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, ambalo linakataza madai ya jumla ya aina hiyo kwa mtumiaji pasipo uthibitisho. Ukimwandikia kwa adabu na kumkumbusha agizo hilo, hutakuwa unamkatalia. Utakuwa unamwepusha na matatizo huko anakouza. Kadhalika asiandike "pamba hai" kwa sababu tu kitambaa ni pamba. Pamba hai ni ile iliyokaguliwa kuanzia shambani, kama inayolimwa Meatu chini ya mradi wa bioRe ulioanza mwaka 1994, na ukaguzi unapaswa kuifuata hadi kwenye nyuzi, kitambaa na rangi. Hata neno "pamba" mlithibitishe wenyewe: chomoeni uzi kwenye jora, muuchome. Wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mimi nimeona jora la "pamba tupu" likiacha vidonge.

Sasa ile sentensi ya kumtoa mwanamke mmoja katika umaskini. Naomba uikatae kuliko zote. Nguo moja haimtoi mtu katika umaskini, na mnaijua faida yenu. Aliyeisoma Ulaya atajiona ametimiza wajibu wake kwa kununua, na hatauliza tena mshonaji alilipwa kiasi gani. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka karibu na Dhaka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134, nguo zilizokuwa zikishonwa humo zilikwenda kwa kampuni zinazofahamika duniani. Baada ya msiba ule watu walianza kuuliza kwa sauti nguo zao zimeshonwa na nani, na swali hilo linajibiwa kwa mshahara, saa za kazi na milango ya dharura, wala si kwa picha ya mama mwenye huzuni. Kwenu ninyi jibu lake linaanza na mabinti wanne. Malipo kwa kitambaa yanamfanya anayeumwa vidole aendelee kuchovya mikono ili asikose hela ya siku. Walipeni kwa siku, glavu zitoke kwenye fedha za kikundi, na gharama hiyo muiweke wazi ndani ya bei mnayompa mnunuzi.

Picha zenu ni zenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda, na ridhaa ya kila mmoja itolewe kwa maandishi, ikieleza picha itatumika wapi na kwa muda gani. Mimi nilishawahi kuona picha ya mwanakikundi wetu, aliyepigwa siku ambayo alikuwa amefiwa, ikiwa imeandikwa chini yake maneno ambayo hakuyasema. Alioneshwa na mjukuu wake kwenye simu. Tangu siku hiyo tunapigwa picha tukiwa kazini, tumevaa tulivyochagua, na maneno ya chini tunayaandika wenyewe.

Mama Batiki (Ujiji, Kigoma)

Nimesoma kila neno, na jana jioni niliwasomea wenzangu kwa sauti. Nawashukuru sana, na hata kijana wa Mwanga namshukuru, kwa sababu mmoja wetu alikuwa na mawazo kama yake na majibu ya mwalimu yamemsaidia.

Tulichoma uzi. Majora mawili yameacha majivu, la tatu limeacha kidonge, na hilo tumelirudisha dukani. Tumekubaliana kwamba mabinti watalipwa kwa siku kuanzia wiki hii, na yule mwenye vidole vilivyobabuka amekwenda zahanati. Kwa sasa atashika mihuri na nta, mbali na maji. Mnunuzi tumemwandikia maneno ya lebo tunayoweza kuyatetea mbele ya mtu yeyote: "Batiki ya pamba, imepigwa muhuri na kutiwa rangi kwa mikono Ujiji, Kigoma, kwa rangi za kiwandani. Maji ya rangi hutulizwa kabla ya kumwagwa." Sentensi ya mwisho tumemwambia asiichape mpaka tumtumie picha ya mapipa yakifanya kazi, na bei tumeiongeza kidogo kwa ajili ya glavu na asidi ya sitriki. Amejibu kwamba atafikiria habari ya bei, lebo ameikubali. Kuhusu picha ya jikoni hajasema kitu, nasi hatutaipiga.

Mwalimu, nina swali dogo la ziada. Pipa la kwanza tumelinunua kwa muuza mawese na kuta zake bado zina mafuta mengi. Je, mafuta hayo yakikutana na kostiki yatatuharibia kipimo cha rosela, au tulisugue kwanza kwa majivu kabla ya Jumatatu?

Mwalimu wa Kemia (Tabora)

Lisugueni kwanza. Kostiki itayageuza mafuta hayo kuwa sabuni, povu litawasumbua na hamtaona tope likizama. Majivu na maji ya moto, mara mbili.